Hexenschuss: mchawi aliyenifundisha Kijerumani

Wiki yangu ya pili kazini hospitalini Leipzig, Ujerumani, mzee mmoja wodini alishika kiuno, akakunja uso, akaniambia neno moja tu: "Hexenschuss." Schuss nilikuwa nalijua, ni risasi au mshale uliofyatuliwa. Hexe nalo nililijua, mchawi wa kike. Mimi mtu wa Tanga, kwa hiyo nilichosikia ni kwamba mzee karushiwa kipapai. Nikainama nikamuuliza kwa sauti ya chini anamshuku nani. Akacheka mpaka kiuno kikambana zaidi.

Hexenschuss ni yale maumivu ya ghafla ya kiuno: umeinama kuokota kitu, kuinuka huwezi. Zamani Wajerumani waliamini kuna mchawi amekulenga mshale usioonekana. Imani ilishapita, neno limebaki, na daktari aliyesoma miaka chungu nzima analitamka bila kupepesa macho. Usiwacheke haraka. Sisi tetenasi tunaiita pepopunda, na wapo mama zetu ambao degedege kwao bado ni dege aliyepita juu ya mtoto.

Tangu siku ile niliacha kukariri maneno kwa mpangilio wa alfabeti. Wadogo zangu mnaosoma Kijerumani mkisubiri viza, fanyeni hivi: likikushinda neno, liulize watu wake walikuwa wanaogopa nini, au wanaabudu nini. Mfano Albtraum. Traum ni ndoto, na vitabu vitakuambia neno zima ni "ndoto mbaya". Hiyo haitoshi. Alb ni kiumbe aliyeaminika kumkalia mtu kifuani usiku akamkosesha pumzi. Wewe unamjua huyo! Andika pembeni "jinamizi" na hutalisahau hadi uzeeni.

Siku za wiki ndizo zilinitoa jasho. Donnerstag, Alhamisi, ni siku ya Donar, mungu wa radi, yule ambaye watu wa kaskazini walimwita Thor. Freitag ni siku ya mungu wa kike Frija, haihusiani na frei, "huru", ingawa ukiwaona Wajerumani Ijumaa saa tisa alasiri utaapa inahusiana. Jumatano nayo zamani ilikuwa ya Wodan, mkubwa wa miungu hiyo, na Waingereza wanamtaja mpaka leo kwenye jina lao la siku hiyo. Wajerumani wakaachana naye, wakaweka Mittwoch, "katikati ya wiki", neno lisilo na mungu yeyote. Kwetu miungu haimo kabisa, lakini tuna jambo la ajabu zaidi: Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu inayoanzia Jumamosi, na Alhamisi inayofuata ni ya tano tena, kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Wiki moja, siku mbili za tano, na hakuna anayelalamika.

Sasa Sonnabend. Niliandikiwa zamu ya Sonnabend, nikasoma "jua" na "jioni", nikajiambia ni Jumapili jioni, nikalala zangu Jumamosi nzima. Simu niliyopigiwa sitaisimulia. Sonnabend ni Jumamosi, hasa kwa watu wa kaskazini na mashariki ya Ujerumani, wakati kusini husema Samstag, lililotokana na Sabato. Mwanzoni lilikuwa mkesha wa Jumapili, kisha likatanuka likameza siku nzima. Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu utotoni: bibi akisema "usiku wa Ijumaa" alimaanisha Alhamisi baada ya magharibi, kwa sababu kwake siku ilianza jua likizama. Ningemkumbuka bibi, nisingekosa zamu.

Siku nyingine ya mapumziko nilipanda treni hadi Freiberg, kwenye migodi ya zamani ya fedha katika milima ya Erzgebirge. Wachimbaji wa huko walikutana na mawe yaliyofanana na madini ya thamani, ila wakiyayeyusha wanapata moshi wenye sumu ya aseniki, fedha hakuna. Wakasema ni Kobold, zimwi la chini ya ardhi, kaiba fedha kawaachia takataka. Kwenye miaka ya 1730 mkemia wa Sweden, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo mna metali isiyojulikana, na jina la zimwi likabaki nayo: kobalti. Nikeli ina kisa hichohicho, Nickel alikuwa zimwi mwenzake. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kolwezi, kule Kongo, wanaozungumza Kiswahili huku wakichimba kobalti ya betri za simu, kila siku wanamtaja zimwi wa Kijerumani.

Tahadhari moja: usijitungie visa. Niliwahi kumweleza mwenzangu kazini, kwa kujiamini sana, kwamba Friedhof, makaburi, maana yake ni "uwanja wa amani", kwa kuwa Frieden ni amani. Alinionyesha kamusi ya asili za maneno: mwanzo lilikuwa "uwanja uliozungushiwa ua". Nunua kamusi ya namna hiyo hata ya mitumba. Na kwenye mtihani jibu swali lililoulizwa, mambo ya mazimwi waachie wagonjwa wako.

Mzee wangu wa kiuno alirudi wodini miezi kadhaa baadaye, safari hii na Gürtelrose, malengelenge yanayozunguka ubavu. Neno lenyewe ni "waridi la mkanda", maana waganga wao wa kale waliita wekundu wa ngozi waridi. Nikamwambia kwetu Tanzania ugonjwa huo ni mkanda wa jeshi. Akafikiri kidogo, akashika ubavu, akasema yeye alivaa mkanda wa jeshi miaka ya ujana, na kati ya majina hayo mawili, letu ndilo linalouma kama ugonjwa wenyewe.