Sanduku la Malalamiko Mmeliweka Wapi?

Usa River, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema meneja amekutwisha kazi ya kuandika sera ya haki za binadamu ya kampuni yenu, nawe unaniuliza: "Mama, sisi tunauza parachichi. Hatuna polisi wala jela. Haki za binadamu si kazi ya serikali?"

Hata sisi tuliuliza hivyo tulipofanya kazi kwenye shamba la maua. Wakati ule dawa ikishapulizwa bandani tulirudi kukata waridi kabla harufu haijaisha, maana Sikukuu ya Wapendanao ya Februari inakaribia na ndege ya kusafirisha maua haisubiri. Aliyeumwa kichwa alikunywa maziwa akaendelea. Hakuna aliyetufunga. Lakini wa kuamua tuvute hewa au tuvute dawa alikuwa meneja, si mkuu wa wilaya.

Na sera haikuja kwa huruma, nisikudanganye. Mnunuzi wa Ulaya aliandika kwamba bila karatasi hiyo maua hachukui. Mwezi huohuo ikabandikwa ukutani, kwa Kiingereza, ndani ya fremu nzuri.

Siku hizi mnunuzi naye ana anayemsukuma. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mwongozo ulioandaliwa na Profesa John Ruggie: serikali ilinde haki, kampuni iziheshimu, na aliyeumizwa awe na pa kudai. Ni mwongozo tu, si sheria, kwa hiyo anayetaka kuupuuza aliupuuza. Kisha tarehe 24 Aprili 2013, kule Bangladesh, jengo la Rana Plaza likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Jana yake nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki iliyokuwemo ikawaondoa watu wake. Washonaji wakaambiwa warudi kwenye vyerehani. Nembo za maduka ya Ulaya ziliokotwa kwenye kifusi. Ufaransa ikatunga sheria mwaka 2017, ya Ujerumani ikaanza kutumika 2023, kwamba kampuni kubwa zichunguze hata wanaoziuzia bidhaa. Sheria hizo haziwabani ninyi. Zinambana mnunuzi, naye anawashushia mzigo.

Kwa hiyo usimbeze meneja wako kwamba anakimbilia soko. Sababu ya kuandika hainisumbui sana. Glovu tulizopewa kwa sababu ya mnunuzi nilizivaa vilevile.

Kilichonisumbua ni kwamba glovu zenyewe zilikaa stoo, zikatoka siku ya wakaguzi tu. Wageni wakiondoka tunazirudisha tena kwa kuhesabiwa! Hata pale Rana Plaza kuna viwanda vilivyokuwa vimeshakaguliwa. Mkaguzi huona alichoandaliwa, kama mkwe anayekuja kwa taarifa.

Sera ilisema pia tuwe na sanduku la malalamiko. Wakalitundika mlangoni kwa meneja. Miezi minne halikuingia hata karatasi moja, na kwenye ripoti wakaandika kwamba wafanyakazi wameridhika. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Tuliomba lihamishiwe njia ya vyooni, na ufunguo mmoja tushike sisi. Wakabisha wiki tatu. Lilipohama likajaa. Nyingi zilikuwa za akina mama, vibarua wa miaka mitatu mfululizo, walioambiwa likizo ya uzazi si yao, wakati sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 84. Hapo ndipo meneja alipoisoma ile fremu kwa mara ya kwanza, nadhani.

Kwa hiyo katika rasimu yako sitatafuta maneno makubwa. Nitatafuta mtu akidhulumiwa anamwendea nani, anajibiwa ndani ya siku ngapi, na nani anamlinda asikose kibarua kesho yake. Mkurugenzi aisaini mwenyewe, asimwachie afisa utumishi. Na uiandike kwa Kiswahili kwanza.

Njoo nayo Jumamosi. Nitamsomea mama yako mdogo, si unajua naye siku hizi anachuma parachichi huko Siha. Akisinzia kabla ya ukurasa wa pili, punguza.

Na zile parachichi mnazokataa kwa udogo, usizisahau kwenye gari kama juzi.

Mama yako