Jagi Lenye Nyufa Lisilovuja: Majibu kwa Wasomaji

*Nimekuta jagi la kioo la bluu kwenye duka la mitumba hapa Ohio, limejaa nyufa mwili mzima. Muuzaji anasema zilitiwa makusudi. Naingizwa mjini?*

Huenda anasema kweli. Fundi hupuliza kioo kwenye ncha ya bomba, na kikiwa bado chekundu kwa moto hukitumbukiza kwenye maji baridi. Ngozi ya nje hupasuka papo hapo. Hukirudisha tanuruni nyufa zishikane, ndipo amalizie kukipuliza. Ufundi huu ulitoka Venice, karne ya 16. Majagi ya Marekani mengi ni ya katikati ya karne ya 20, kutoka viwanda vya West Virginia: Blenko mjini Milton, Pilgrim mjini Ceredo, Rainbow mjini Huntington, Kanawha mjini Dunbar.

Ila kagua ufa wa ajali. Huo hukata mtandao wa nyufa nyingine bila kuufuata, humeta kama wembe ukiuelekeza kwenye taa, na mara nyingi huanzia mdomoni au mkono unapoungana na mwili.

*Nitajuaje kama lilipulizwa kwa mdomo?*

Lipindue kabla hujauliza bei. Katikati ya kitako tafuta kovu: hapo ndipo ilipobanduliwa fimbo ya chuma iliyoshika jagi wakati fundi akitengeneza mdomo. Langu la rangi ya kaharabu lina kovu la ukubwa wa sarafu, linakwaruza kidole. Mengine yamesuguliwa, umebaki mduara laini wenye kishimo. Kisha tazama mkono. Ulibandikwa ukiwa moto, kwa hiyo huacha kimkia kilichokunjwa. Nyufa zikijirudia sawasawa kama mchoro wa kitenge, zimechorwa kwenye kalibu. Liache.

*Halina lebo, lakini bei yake ni ya Blenko. Ninunue?*

Usilipie jina. Lebo zilibandikwa tu, nyingi zimeshatoka, na Blenko walichora jina lao kitakoni kwa miaka michache tu, kuelekea 1960. Maumbo ya viwanda hivi jirani yanafanana mno. Kama rangi na umbo vimekugusa, lipa bei ya jagi zuri lisilo na jina.

*Kioo kimefifia ndani, kama kina ukungu.*

Loweka kwa siki usiku mmoja, suuza kwa maji vuguvugu. Chokaa itatoka. Ukungu ukibaki, kioo chenyewe kimeliwa, na siki haitasaidia. Mashine ya kuoshea vyombo usiisogelee kabisa.