Jibu: Fran Brill na Sesame Street

Mkuu, umeuliza kama Fran Brill ana lolote la kukumbukwa zaidi ya kuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Jim Henson, muundaji wa vikaragosi vya Muppets, kuchezesha vikaragosi vya Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto cha Marekani. Analo, tena kubwa.

Alipoingia mwaka 1970, wahusika wa kike walikuwa wa kuhesabika, na watetezi wa haki za wanawake Marekani walikilalamikia kipindi kwa hilo. Mtazame Prairie Dawn, kikaragosi alichokichezesha Brill: binti mdogo, anapiga piano huku anaongoza igizo la shule, na wale wakubwa wanaovuruga kila kitu ndio wanaopokea amri kwake. Mtoto anayetazama anaona msichana akiwa na madaraka bila kuhubiriwa. Mwaka 1993 akamleta Zoe, kikaragosi kingine, zimwi la rangi ya chungwa lenye kelele na ukaidi. Huyo mimi ndiye nampenda zaidi, maana hana adabu za kuigiza.

Na kazi yenyewe si lelemama: mkono uko juu ya kichwa muda wote, macho kwenye skrini iliyo chini, sauti isitetereke. Alifanya hivyo hadi alipostaafu mwaka 2014.