Gereji ya Wasomaji: Konrodi mpya, pistoni ya 150, na boliti inayokatika

SWALI: Mafundi, salaam. Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 125, ya mwaka 2012, injini ya fimbo, siyo ya cheni ya taimingi. Juzi imebadilishwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini), na fundi akanishauri niweke kabisa bloku na pistoni ya 150. Mlima inapanda vizuri. Lakini nikifika kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya 4, mikono inakufa ganzi, vioo havionyeshi kitu, na boliti ya mbele ya injini imekatika mara 2. Fundi anasema chombo ni kikuukuu, nikizoee. Nianzie wapi?
— Msomaji, Kilosa

JIBU: Usikizoee. Boliti ikikatika mara 2 mahali palepale, ama injini inacheza kwenye fremu, ama kuna kitu ndani kinapiga kuliko fremu inavyoweza kuhimili. Kwako wewe yote mawili yanawezekana. Anza na yale yanayotaka spana tu. Kufungua injini kuje mwisho.

Kwanza hakikisha mtetemo ni wa injini. Barabara iliyonyooka na isiyo na watu, nenda hiyo kilomita 50, kisha bana klachi na uachie mafuta, injini irudi kwenye sailensa (mzunguko wa chini bila kupewa mafuta) huku pikipiki ikiserereka. Mtetemo ukikata palepale, ni injini au vinavyoishika. Ukiendelea na kupungua taratibu kadiri mwendo unavyopungua, achana na injini, kagua rimu, spoki, tairi na beringi za magurudumu. Halafu simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka nyutro, piga resi mpaka mlio ufanane na ule wa kilomita 50. Ikitulia hapo lakini ikatetema ikiwa na mzigo tu, tazama cheni. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono na upime ulegevu wa cheni sehemu 4 au 5: kama sehemu moja imekaza na nyingine inaning'inia, cheni imekwisha. Cheni ya 428 ikiwa mpya, pingili 20 zina urefu wa mm 254; zikifika mm 259 nunua nyingine pamoja na sproketi zake. Kagua pia raba zilizo ndani ya habu ya nyuma.

Tuseme ni injini. Legeza boliti zote zinazoishika, za mbele na za nyuma, pamoja na zile zinazofunga vibao vya mbele kwenye fremu. Chomoa moja moja na utazame tundu lake. Likiwa la mviringo, sawa. Likiwa limerefuka kama yai, au ukiona boliti ya mm 8 imetiwa kwenye tundu la mm 10, umeshapata nusu ya ugonjwa. Mpe fundi wa kuchomelea ajaze tundu na kulitoboa upya kwa kipimo chake. Kupachika washa nyingi hakusaidii, kwa sababu boliti inaendelea kucheza ndani. Nunua boliti zenye alama 8.8 kichwani. Zile laini zisizo na alama ndizo zinazokatika, na inawezekana fundi alikurudishia hizohizo mara zote 2.

Wakati wa kurudisha, usikaze moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine. Ingiza zote zikiwa legelege, tikisa injini kwa mikono ijiweke yenyewe, kaza za nyuma nusu, za mbele nusu, za vibao nusu, ndipo umalizie zote. Kibao kilichovutwa kwa nguvu kifikie tundu lake huwa kimebanwa muda wote, na mtetemo mdogo tu unakimaliza. Boliti ya mm 8 inataka kama Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya mm 10 kama Nm 45. Huna spana ya kipimo? Kwa spana yenye mpini wa sm 20, Nm 45 ni kuvuta kwa nguvu ya kilo 23 hivi, yaani karibu na kuinua nusu mfuko wa saruji. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 100.

Hapo mtetemo utapungua, lakini hatudhani utaisha, kwa sababu ya hiyo pistoni. Injini yako ni ya ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976: silinda 1, na kwa kawaida haina shafti ya balansi, ile ya kupunguza mtetemo. Vipande vya uzito kwenye kranki vinafuta sehemu tu ya mvuto wa pistoni inapopanda na kushuka, kwa hiyo kutetema kidogo imezaliwa nako. Pistoni ya 125 ina kipenyo cha mm 56.5, ya 150 ni mm 62, na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni uleule wa mm 49.5. Umeongeza uzito unaorushwa juu na chini, lakini kranki imebaki na hesabu ya pistoni ndogo. Mvuto huo nao haupandi sawasawa na mizunguko: mizunguko ikiwa mara 2, mvuto ni mara 4. Ndiyo maana kwenye kilomita 30 huoni shida, kwenye 50 mikono inakufa. Ukiwa bado na pistoni ya zamani, zipime zote 2 kwenye mizani ya jikoni, kila moja na ringi na pini yake, ujionee tofauti.

Linabaki la konrodi, na hapa ndipo tunapomshuku zaidi fundi wako. Kranki hii ni vipande 2 vilivyounganishwa kwa pini iliyoingizwa kwa presha. Kubadilisha konrodi maana yake ni kuvitenganisha na kuvirudisha. Ikifanywa kwa nyundo na kukadiria kwa jicho, ncha 2 za kranki hazikai mstari mmoja, na hapo injini itapiga hata ukiipa pistoni gani. Kujua bila kufungua yote: mwaga oili, fungua kifuniko cha kushoto, chomoa plagi. Shika magneti (gurudumu la sumaku kwenye ncha ya kranki) uinue juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi za kranki zimekwisha. Kisha funga waya mgumu kwenye injini, ncha yake ikaribie ukingo wa magneti bila kugusa, uzungushe taratibu. Nafasi ikipanuka na kubana, chomoa magneti kwanza ukague funguo ya nusu mwezi (kichuma kinachoizuia isizunguke kwenye kranki) na kikalio chake. Vikiwa safi, kranki imepinda. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma mwenye saa ya kupimia mpotoko (dial gauge). Mpotoko ukizidi mm 0.10 haifai kurudishwa ndani. Fundi mzuri huishusha mpaka karibu na 0.03.

Kama tungekuwa na pesa ya jambo moja tu, tungenyoosha kranki na kurudisha pistoni ya mm 56.5. Mlima utapanda kwa gia ya chini kidogo. Vile vyuma vizito vya kuziba ncha za usukani vinasaidia mikono, lakini kuvifunga sasa ni kunyamazisha kengele.

SWALI: Balbu ya taa ya mbele haimalizi wiki 2. Ni mtetemo au ni umeme?
— Dereva wa bodaboda, Singida

JIBU: Itazame iliyokufa. Kioo kikiwa safi na waya wa ndani umekatika tu, ni mtetemo: kaza holda na skrubu za taa, na kagua raba zake. Kioo kikiwa na weusi au ukungu wa kijivu kwa ndani, umeme umezidi. Pima kwenye betri huku injini ikipigwa resi: volti 13.5 hadi 14.8 ni sawa, ikipita 15 badilisha rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) kabla betri haijachemka.

SWALI: CG125 yangu kwenye sailensa inatikisika kama inataka kuzima. Ikipigwa resi inatulia.
— Msomaji, Tanga

JIBU: Hiyo haichomi vizuri. Safisha plagi, uweke nafasi ya mm 0.6 hadi 0.7. Nyunyiza maji ya sabuni pale kabureta inapoungana na injini. Mlio ukibadilika, kuna hewa inayoingia, badilisha gasketi. Usitumie petroli kwa jaribio hilo.

Kisha tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma), injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi. Leta alama ya T kwenye magneti na uhakikishe roka zote 2 zina ulegevu. Kama moja imekaza, zungusha raundi 1 zaidi. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, valvu zote 2. Unapokaza nati, skrubu huwa inajizungusha nayo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Mlio mdogo wa chik-chik ukibaki, usiufukuze kwa kukaza zaidi: valvu isiyofunga sawasawa itaungua, na sailensa itakuwa mbaya kuliko ulivyoianza.