Jibu: Picha za Magharibi ya kale ya Marekani zina ukweli kiasi gani?

Ndugu, umeuliza kama ile milima mirefu yenye mwanga wa dhahabu kwenye picha za wachoraji ndivyo ilivyokuwa kweli. Nusu nusu. Mchoraji Albert Bierstadt alifika Milima ya Rocky mwaka 1859 na kuchora michoro midogo hukohuko, lakini picha kubwa alizitengenezea studio, New York, na huko vilele aliviinua na mwanga akauongeza alivyopenda.

Mchoraji mwingine, Thomas Moran, alifuatana na msafara wa uchunguzi wa mwanajiolojia Hayden kwenda eneo la Yellowstone mwaka 1871, pamoja na mpiga picha William Henry Jackson. Kazi zao zilisaidia kuwashawishi wabunge, na 1872 eneo likawa hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo Bunge lilinunua picha moja ya Moran kwa dola 10,000. Si haba!

Kwa picha za maisha ya watu, mimi ningeanza na mchoraji Charles Russell kabla ya mwenzake Frederic Remington. Remington kazi nyingi alizifanyia jimbo la New York, mbali na Magharibi. Russell alichunga ng'ombe Montana, hukohuko Magharibi, kwa miaka, na inaonekana kwenye farasi aliowachora. Ukitaka wenyeji wa asili, tafuta picha za George Catlin, aliyewachora kwenye vijiji vyao miaka ya 1830.