Re: Mbona vita ya Mahiwa hatusikii habari za farasi?

Habari mkuu, umeuliza mbona vita ya Mahiwa, ile ya Waingereza na Wajerumani huku kusini Lindi, Oktoba 1917, wanatajwa wapagazi tu, farasi na punda walikuwa wapi. Kabla ya yote angalia mbung'o. Mimi nafuga huku Liwale, ng'ombe akishapata nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, anakonda, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi na ukichelewa dawa ndo basi tena. Sasa Waingereza 1916 walileta farasi na nyumbu wa mizigo wakawapitisha humohumo kwenye mbung'o, wakafa kwa maelfu, dawa ya maana haikuwepo, kwahiyo mzigo wote, risasi na chakula, ukahamia vichwani kwa babu zetu, na hao nao wakafa wengi mno kwa njaa na kuhara damu, inauma sana.