Maswali ya Wasomaji: Daladala Imenigonga, Nani Anilipe?

SWALI: Nilipanda bodaboda kutoka Igoma hapa Mwanza, daladala ikatugonga karibu na Buzuruga. Nimevunjika mguu na nimewekewa vyuma. Dereva alikiri kosa mahakamani, akalipa faini. Sasa mwenye gari ananipa laki tano tuyamalize. Nipokee? *Msomaji, Igoma*

JIBU: Pole sana. Usisaini kwanza. Karatasi za kupokelea hela kama hizo kwa kawaida huwa na mstari unaosema huna madai mengine yoyote, na ukishautia saini, upasuaji wa kutoa vyuma utaulipia mwenyewe.

Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe angalau na bima ndogo, ile ya kuwalinda watu wengine barabarani. Wewe ni miongoni mwao. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), uone kampuni iliyotoa bima na tarehe zake. Inayohesabika ni bima iliyokuwa hai siku ya ajali. Stika iliyokatwa kesho yake haikusaidii.

Kusanya PF3, fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, kisha trafiki wakupe PF90 ya taarifa ya ajali, PF93 ya ukaguzi wa gari na ramani ya ajali. Wengi wakishapata hizo wanaona wamemaliza, wanasahau nakala ya hukumu. Waombe trafiki namba ya kesi, uende masjala ya mahakama ukaombe nakala iliyothibitishwa. Kwa Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ukipita, hukumu ya jinai huwa ushahidi usiopingika kwamba dereva alitenda kosa lile. Ugomvi mkubwa unaobaki ni kiasi cha fidia.

Na kiasi kinasimama juu ya risiti. Dawa, picha za eksirei, magongo, nauli za kwenda kliniki hospitali ya Bugando: hizi ni hasara mahususi, lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe. Kadirio la jumla linatupwa. Maumivu na ulemavu ni fidia ya jumla, hiyo hakimu huipima mwenyewe. Risiti za mashine hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo zitoe fotokopi mapema, na usizipeleke kwenye laminesheni: joto linazigeuza nyeusi tii. Ripoti ya asilimia ya ulemavu isubiri mfupa uunge, maana ikiandikwa mapema daktari atakuwa anabahatisha na kampuni itaishambulia.

Barua ya madai ipeleke kwa kampuni ya bima, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Wakikuzungusha, peleka malalamiko ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa, hapa hapa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ikibidi kwenda mahakamani, unawashtaki dereva na mwenye gari, kisha kampuni ndiyo inayobanwa na sheria kulipa hukumu. Ijulishe kwa maandishi kabla hujafungua kesi, vinginevyo itapata mwanya wa kuruka.

Muda wako ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Mazungumzo na kampuni hayausimamishi, na "njoo wiki ijayo" zimewamalizia watu miaka yote mitatu. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18.

SWALI: Sikuvaa kofia ngumu kwenye pikipiki. Madai yangu yamekufa? *Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Hayajafa. Mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kadiri uzembe wako ulivyochangia madhara. Ukiumia kichwa, tarajia kukatwa. Ukivunjika nyonga, kofia haihusiki, na wakili wako aliseme hilo mapema.

SWALI: Mimi ni kondakta, niliumia gari ilipopinduka Usagara. Tajiri anasema nisubiri bima ya gari. *Msomaji, Kisesa*

JIBU: Uliumia kazini, kwa hiyo mlango wako wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mpe tajiri taarifa kwa maandishi leo, ubaki na nakala. Madai yafike WCF kabla ya miezi 12 tangu ajali. Kama huna mkataba wa maandishi, tafuta ushahidi wa ajira: miamala ya hesabu unayomtumia tajiri kwa simu, na dereva mliyekuwa naye zamu.